Tabaga ya Hanan

Wifi yangu Kaltuma hajawahi kufanya kitu siku yake. Nasema hivi nikiwa nampenda, na yeye anajua, kwa hivyo asije mtu akampelekea maneno. Tumekaa plot moja hapa Makina, Kibera, tangu kaka yangu Habib amuoe. Milango yetu inatazamana. Akikohoa nasikia, akinyamaza nasikia zaidi.

Siku ya nikaha yake mwenyewe, shehe amefika, wazee wamekaa, uji umeshanywewa, bibi harusi ndio kwanza anapakwa hina mguu wa pili. Asubuhi yote alikuwa kwa jirani akimsaidia kutafuta kuku aliyepotea. Idd moja nilimwona kwa macho yangu akimshonea binti yake Hanan pindo la gauni wakiwa njiani kwenda kuswali, mtoto anatembea, mama nyuma yake ameinama na uzi mdomoni. Walipofika uwanjani pindo lilikuwa limekwisha, tena limenyooka. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba mwishowe huwa anamaliza.

Na si mvivu. Angekuwa mvivu ningemsema mara moja nikapumzika. Kazi ya watu wengine anaikimbilia kama amelipwa. Mtu akifiwa Soweto East, Kaltuma yuko huko anaosha mchele, hata kama marehemu alimjua kwa sura tu. Mgonjwa akilazwa Ayany, yeye ndiye anayepeleka supu. Kazi yake mwenyewe ndiyo inayosubiri, na ukimuuliza anakwambia, "Inakuja, wifi."

Sasa hii ya tabaga ilikuwa kubwa kuliko zote. Kwa asiyejua, tabaga ni kawa la kusuka, la kufunikia sinia la chakula. Inaanzia katikati, kitu kidogo kama kifungo, halafu unazungusha na kuzungusha, ukindu mwekundu, kijani, zambarau, mpaka inakuwa pana. Sisi Wanubi tunazitundika ukutani na tunajivunia. Lakini ya bibi harusi ni habari nyingine. Katika ukoo wetu msichana haondoki nyumbani bila tabaga iliyosukwa na mamake mzazi. Si shangazi, si dada, na si ya kununua. Inafunika chakula cha kwanza kinachoenda kwa mumewe, na wakwe wakiiona wanajua huyu mtoto ana mama nyuma yake. Akienda bila, watu hawatasema mbele yako. Watangoja upite.

Hanan ndiye mtoto wake wa pekee. Akachumbiwa na Yasin, kijana mpole wa Kawangware. Familia yake walikuwa wetu hapahapa Kibera zamani, wakahama nyumba yao ilipobomolewa kupisha barabara. Harusi ikapangwa baada ya Idd kubwa na muda ulikuwa tele. Kaltuma akanunua ukindu wiki hiyohiyo. Nilishangaa mpaka nikamwambia Habib, "Mkeo amepona."

Wapi. Ukindu haufumiki mkavu, unakatika, kwa hivyo lazima uuloweke kwanza ulainike. Kaltuma akauloweka kwa beseni. Nikaona, nikafurahi. Jioni nikauona umeanikwa kwenye kamba, haujaguswa. Kesho yake akauloweka tena, akaitwa kwenda kupatanisha mtu na mkewe, akarudi akauanika. Ikawa ndiyo kazi, kuloweka na kuanika, mpaka ule wa kijani ukaanza kuchuja rangi na maji ya beseni yakawa kama ya sukuma wiki.

"Kaltuma, ile tabaga?"

"Inakuja, wifi."

"Inakuja kutoka wapi? Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka."

Tukawa tunapigana kwa methali namna hiyo kila asubuhi, mimi nikifagia upande wangu na yeye upande wake. Habib nikimwambia aongee na mkewe, anacheka tu na kurudi kwa redio yake. Hanan ndiye alinishinda kabisa.

"Shangazi, relax. Si unajua tu vile mathe huwa? Atamaliza dakika ya mwisho."

"Dakika ya mwisho ni ya pindo la gauni. Hii ni tabaga."

"Atamaliza," akasema, lakini nilimwona akiangalia ile kamba ya ukindu alipokuwa akipita.

Mimi sina moyo wa hivyo. Harusi ilipokuwa imebisha hodi, kadi zimeshagawanywa, mchele umeshanunuliwa, nilifunga leso nikateremka mpaka Lindi kwa Bi Safina anayesuka za kuuza. Nikamwambia anisukie moja nzuri na asiulize ya nani. Nilijua ni makosa. Lakini nikasema bora tudanganye kidogo kuliko mtoto wetu aende Kawangware na chakula kimefunikwa kwa sahani.

Siku nilipoileta nikaificha chini ya kitanda changu, halafu nikaenda kwa Kaltuma bila hodi. Nilikuwa nimepandisha hasira kuanzia Lindi mpaka mlangoni. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, ukindu mbichi mapajani, na kitu kidogo mkononi ukubwa wa kisahani cha kikombe. Alikuwa hasuki. Alikuwa amekishika tu.

"Kaltuma, niambie ukweli. Hutaki mtoto aolewe?"

"Nataka aolewe."

"Basi shida ni nini?"

Akakigeuza kile kitu mkononi. "Sitaki aondoke," akasema.

Nilikaa chini. Nitafanya nini tena, na hasira yote imenitoka? Akaniambia kila akishika sindano mkono unakuwa mzito. Anajua Kawangware ni hapo tu, angeweza kwenda kwa miguu akarudi kabla ya adhuhuri. Lakini aende kusema nini? Kwetu mama wa bibi harusi haendi kwa wakwe hivihivi, anangoja aitwe, na pengine mwaka unaisha hajaitwa. Ukienda bila kuitwa wanasema umemfuata mtoto, umekuja kuonja chumvi ya mwenzako.

"Nimezoea kumsikia akiamka," akasema. "Anaangusha vitu. Kila asubuhi lazima aangushe kitu."

Ni kweli, hata mimi kwangu humsikia. Sikumwambia habari ya Bi Safina. Nikamlowekea ukindu, nikawa nampa kipande kimoja kimoja, maana kumsaidia kusuka siwezi, ni mkono wa mama tu unaoruhusiwa. Akasuka kwa bidii mpaka magharibi. Nikaona labda, kwa kudra ya Mungu, itafika.

Haikufika. Harusi ikajaa watu kama maji. Mara shemeji wametoka Kisumu, mara sufuria hazitoshi, na kila mtu anamtafuta Kaltuma, na Kaltuma hajui kukataa. Siku ya kumtoa bibi harusi, wanawake wa Kawangware wakafika saa nane mchana wakiongozwa na mamake Yasin, mama mnene, mtulivu, asiye na maneno mengi. Wakakaribishwa uani. Sinia la pilau likaletwa katikati. Nikatazama mlango wa Kaltuma, umefungwa. Nikaenda chini ya kitanda changu.

Tabaga ya Bi Safina ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nikafunika pilau nayo, wanawake wakapiga vigelegele. Hanan alikuwa amekaa kwenye kiti na hina yake, kichwa chini kama bibi harusi anavyotakiwa. Akainua macho akaitazama.

"Shangazi," akasema polepole, "huu ni mkono wa nani?"

Nikajifanya naiweka sawa juu ya sinia. Wageni wakaanza kutazamana. Mtoto huyu amelala chini ya tabaga za mamake tangu azaliwe, anajua mamake anavyokaza, anavyoanza rangi. Ningemdanganya vipi? Machozi yalikuwa yameshamjaa, si ya bibi harusi, ya mtoto aliyeachwa.

Ndipo mlango ukafunguka. Kaltuma akatoka amevaa vizuri, macho mekundu, ameshika tabaga yake kwa mikono miwili. Ilikuwa imefika ukubwa wa sahani, basi. Mkia wa ukindu ulikuwa unaning'inia na sindano bado imechomekwa. Akaiondoa ile ya Bi Safina, akanipa mimi, hakuniangalia hata. Akaiweka yake juu ya pilau. Ikafunika katikati tu, mchele ukachungulia pande zote. Kuna mtu nyuma alicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na tabaga yangu ya kununua.

Kaltuma akamgeukia mamake Yasin.

"Dada yangu, mtoto nakupa leo kama tulivyoahidiana. Lakini tabaga yake haijaisha, na siwezi kumpa ya mtu mwingine. Naomba ruhusa nije kuimalizia kwako."

Hakuna aliyewahi kusikia ombi kama hilo, na mimi nimehudhuria harusi za Kibera mpaka nimechoka. Nilijua mamake Yasin akisema hapana, Kaltuma ataishi na hilo mpaka kaburini, na Hanan ataingia nyumba ile akiwa na jina la mtoto wa mama mzembe.

Mamake Yasin akainama. Akaigeuza ile tabaga, akaangalia chini, akapitisha kidole kwenye mizunguko. Akamtazama Hanan, ambaye wanja ulikuwa umemteremka mpaka kidevuni. Yeye mwenyewe ana binti aliyeolewa Mombasa, hilo nilikuja kulijua baadaye.

"Jumanne huwa niko nyumbani," akasema. "Uje na ukindu wa kutosha."

Hanan akalia kwa sauti, Kaltuma akalia, na mimi nikaenda jikoni kuangalia kama chai imechemka. Ilikuwa imechemka zamani. Nilikaa huko kidogo.

Jumanne ya kwanza Kaltuma alikuwa amevaa, amefunga mfuko wake, amekaa mlangoni, kabla mimi sijakanda unga wa mahamri. Huyu mwanamke aliyechelewa nikaha yake. Nikamwambia, "Leo jua litatokea Ngong, huko linakozama." Akacheka akaondoka. Na Jumanne iliyofuata vilevile.

Siku nyingine huwa naenda naye, nione kama kazi inafanyika au wananidanganya. Inafanyika, kwa mwendo wake. Wanakaa watatu uani kule Kawangware. Chai kwanza. Halafu habari za Kibera zote, nani amehama, nani amezaa, kwani lile duka lilifungwa kwa nini. Halafu mzunguko nusu. Mamake Yasin anakaa karibu na beseni akilowesha ukindu, na Hanan anapika, na ndiyo, bado anaangusha vitu. Sijawahi kumwona Kaltuma akisuka hivyo. Amekaza kila mshono, rangi zinafuatana vizuri, akikosea kidogo anafumua bila kulalamika. Mimi nikipiga kelele kwamba hata Wachina wangemaliza barabara tatu, mamake Yasin ananiongezea chai ninyamaze.

Lakini kitu ukikifanya hata kidogo kila wiki kinakua. Mwezi uliopita niliona imeshafika ukingo wa sinia. Tulikuwa tunarudi na Kaltuma, na siku hiyo hakusimama kumsalimu mtu njiani.

"Wifi," akasema, "inakaribia kuisha."

Miaka yote niliyomjua nimetaka kusikia maneno hayo kutoka mdomo wake. Sasa nilipoyasikia nikataka ayameze tena.

"Si usuke pole pole."

"Nasuka pole pole. Inaisha tu."

Ruhusa aliyoomba mbele ya watu ilikuwa ya kumaliza tabaga, na Kaltuma ana mambo mengi lakini si mtu wa kuvunja neno alilolisema mbele ya watu. Ikiisha ataishona ukingo, ataiacha pale, atarudi kungoja aitwe kama mama wengine. Nilishika mkono wake mpaka tukafika Makina, na watu walitushangaa, maana sisi tunajulikana kwa kugombana.

Juzi Jumatano Hanan akanipigia simu. Anaongea kwa kunong'ona.

"Shangazi, jana mathe amebakisha mzunguko mmoja tu. Amesema wiki ijayo anamaliza."

"Najua. Ameniambia."

"Nimeuficha ukindu aliouacha hapa."

Nikakaa chini. "Umeuficha wapi?"

"Kwa kabati ya mama mkwe. Yeye ndiye ameniambia nifiche. Amesema hata yeye hajui atakuwa anakunywa chai na nani." Akasita. "Shangazi, ni vibaya?"

Mwanamke huyu nimemsukuma tangu siku ya nikaha yake, nimemwamsha, nimemfokea, nimempigia methali asubuhi na jioni afanye kazi yake aimalize. Nikachungulia nje. Alikuwa upande wake wa uani, anaimba, anafua shela ya kuvaa Jumanne.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ficha na sindano."