Mchanga wa Bi Nasma

Bi Nasma wa Umwe ana sifa moja tu hapa duniani, na hiyo hamwachii mtu: sufuria zake zinang'aa. Shamba la maana hana, mume alishamwacha, lakini sufuria! Unajitazama humo ukafunga kilemba. Kwa sifa hiyo ndiyo Elinipendo, afisa aliyehamia Kibiti kutoka bara, akamchukua amfanyie kazi za ndani.

Halafu huyo Elinipendo akaleta mashine ya kuoshea vyombo. Miezi sita kila mgeni anaingizwa jikoni kuoneshwa. "Sufuria za kuni hizo, oneni zinavyotoka!" Bi Nasma kimya, kabana midomo, maana kazi alikuwa anaitaka.

Leo asubuhi mashine ikavuja, jiko zima maji. Akaitwa fundi Gharibu, naye mtu wa Umwe, tena mdomo wake hauna kufuli. Akaifungua kwa chini, akatoa mchanga kiganja kizima.

"Mpira wa pampu umelika wote," akasema. "Mchanga huu umetoka wapi?"

"Utoke wapi tena? Kwa huyu!" Elinipendo akafoka. "Mchafu huyu! Vyombo anaviburuza uani, anavitia humo na michanga yake. Kumbe nimefuga uchafu ndani ya nyumba yangu!"

Mchafu! Mbele ya Gharibu! Kabla ya alasiri Umwe nzima ingekuwa na habari hiyo. Bi Nasma alijua fika kwamba akiinamisha kichwa na kuomba radhi, kazi itabaki. Lakini damu ilishamchemka.

"Mchanga wa mtoni huo," akasema. "Nasugulia masizi, kila siku, kabla sijavipanga humo. Mashine yako haijatoa masizi hata siku moja, mama. Ulikuwa unawaonesha wageni kazi ya mkono wangu."

Gharibu akaguna, akajifanya anatafuta bisibisi.

"Toka!" Elinipendo akamwonesha mlango. "Toka nyumbani kwangu, mwongo mkubwa wewe!"

"Natoka."

Akajifunga kanga vizuri, akachukua kopo lake la mchanga. Kwenye sinki kulikuwa na sufuria ya uji wa asubuhi, nyeusi tii kwa masizi. Mkono ukamwasha, kwani tangu aolewe hajapata kuipa kisogo sufuria chafu.

"Fundi," akasema, "ukifika Umwe, waambie na hiyo umeiona. Hiyo ya mwenyewe, mkono wangu haujaipitia."

Akaiacha pale pale.