Sindano za Mama Furaha

Mjomba alisema mtoto wa baba Dixon kama mimi, anayejibu Kiswahili kwa Kiingereza, kemia ataisikia redioni tu. Leo diploma yangu ya kemia iko ukutani hapa Kigoma! Juzi niliona kitabuni jedwali la wanakemia wa kale: asidi juu, metali chini yake, zimepangwa kwa jinsi asidi inavyozipenda. Chuma kilitangulia shaba. Nikacheka peke yangu, nikikumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Mchana ule siki ilinuka hadi kwenye korido. Nililoweka nyaya kuukuu za shaba katika siki na chumvi mpaka ikawa kijani, nikatumbukiza sindano nilizoazima kwa majirani. Zikatoka nyekundu, zinang'aa. Nikapiga kelele, "Nimegeuza chuma kuwa shaba!" Sikujua kwamba siki ilikuwa imekishika chuma na kuiacha shaba, nayo ikaganda juu ya sindano kama ngozi nyembamba.

Mama Furaha, jirani yetu, akagonga. "We mtoto, sindano yangu ya kanzu za kwaya iko wapi?"

Nikampa. Akaigeuzageuza dirishani. "Mjomba wako anasema huwezi kitu? Aje aone!"

Jioni nikarudisha sindano zote, mlango kwa mlango. Mjomba alinifuata nyuma, kashika msumari wake wa chuma, akitaka niugeuze nao.