Pikipiki Ilipona Kwanza

Kosa langu la mwanzo kabisa katika kazi ya bodaboda lilikuwa kukaza cheni mpaka ikanyooka kama waya. Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kufungua nati peke yangu uani. Cheni iliyolegea kidogo ilinikera, kama shati lililotoka nje ya suruali. Nikaivuta, nikaipima kwa kidole, nikaivuta tena, mpaka haikutikisika hata kidogo. Nilijiona nimewapita mafundi. Sikujua kwamba cheni huachwa icheze makusudi, kwa sababu mzigo ukikaa nyuma pikipiki inadidimia na cheni inavutika zaidi.

Niliendelea hivyo muda mrefu bila kupata shida. Abiria wangu wengi walikuwa wa mjini Singida, mtu mmoja na mfuko wake, na njia ilikuwa lami. Cheni ikavumilia.

Siku ilipokatika nilikuwa natoka Mtinko na magunia mawili ya alizeti ya mzee mmoja, nayapeleka mjini kukamuliwa. Kwenye mteremko wa vumbi tairi ya nyuma ilipiga shimo. Cheni ikakatika, ikajisokota kwenye gurudumu, gurudumu likagoma kuzunguka. Nilisikia mlio mmoja tu. Kisha nikawa nimelala, pikipiki imelalia mguu wangu wa kushoto, na mimi natazama indiketa iliyopasuka. Sikutazama mguu. Magunia yalikuwa mazima, yamekaa kando ya barabara kama watu wanaosubiri usafiri.

Mchungaji mmoja aliacha ng'ombe wake akaja kunisaidia kuinua pikipiki. Akaniuliza nimeumia wapi. Nikamjibu kwamba shokapu ya mbele imepinda. Akanitazama, akaniambia pole, akarudi kwa ng'ombe wake.

Nieleze kwa nini nilijibu vile. Pikipiki haikuwa yangu bado. Nilikuwa nayo kwa mkataba: unampelekea mwenye chombo hesabu yake kila siku, na muda ukitimia chombo kinakuwa chako. Matengenezo yote ni juu yako. Bosi wangu alikuwa mama mmoja wa Mandewa, muuzaji wa mafuta ya kupikia, na kila Jumapili akitoka kanisani nilimpelekea pikipiki aikague. Tulikubaliana kwamba akiikuta imeharibika na sijaitengeneza, anaichukua na kumpa kijana mwingine, na yote niliyokwisha kulipa yanapotea. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi michache. Nilikuwa nimeshaanza kuiita yangu nikiwa peke yangu.

Goti lilivimba. Kwenye zahanati walilifunga bandeji, wakaniambia niende hospitali nikapigwe picha, kwa sababu huenda kuna mfupa umeachia, na nisicheleweshe.

Kijiweni kwetu mwenzetu akianguka tunapitisha helmeti, kila mmoja anatumbukiza alichonacho. Mwenyekiti wa kijiwe aliniletea mchango nyumbani, yeye na wenzangu wawili. Alinishika mkono kabla ya kunipa.

"Hii ni ya goti, siyo ya pikipiki. Tumeelewana, dogo?"

"Tumeelewana, kaka."

"Maana nawajua. Mtu anachechemea, pikipiki inang'aa kama bibi harusi."

Wakacheka. Nami nikacheka.

Kesho yake niliisukuma pikipiki mpaka kwa fundi, nikiiegemea kama mkongojo. Fundi aliinua kipande cha cheni, akauliza nani aliyenikazia namna ile. Nikasema ni fundi mmoja wa Ihanja. Sijawahi kutengeneza chochote Ihanja. Akamtukana huyo fundi wa Ihanja, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa kama nilivyoogopa. Alisema ataninyooshea shokapu, atafunga cheni mpya, na ana indiketa iliyotumika ambayo ingefaa. Tangi lilikuwa na mikwaruzo tu, alisema, halina haja ya kuguswa. Kwa hesabu yake, hela ya picha ya goti ingebaki.

Hapa ndipo ninapoona aibu, zaidi ya kwenye cheni. Ile indiketa iliyotumika ilikuwa imepauka, haifanani na ya upande wa pili. Nikaiwaza Jumapili, nikamwona bosi akisimama mbele ya taa mbili zisizofanana. Nikamwambia fundi anunue mpya, zote mbili. Halafu nikamwambia apake tangi rangi.

"Rangi ya nini? Hii inakwenda kama kawaida."

"Paka tu, fundi."

Alipaka. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiangalia rangi inakauka, goti limenyooshwa mbele yangu. Hela ya picha ilikuwa pale, juu ya tangi, nyekundu na laini. Sikuhuzunika, wala sikufurahi. Nilikagua tu kama kuna tone lililochuruzika, nikaliona moja, nikamwomba alifute.

Jumapili nilimeza dawa za maumivu, nikaenda Mandewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

Akaizunguka pikipiki taratibu kama kawaida yake. Akapitisha kiganja kwenye tangi, akauliza kama nimeipaka rangi. Nikasema nimeisafisha tu. Akainama, akachungulia chini ya injini.

"Mikwaruzo mimi sina shida nayo, mwanangu. Naangalia kama inavuja mafuta." Akajipangusa mkono kwenye khanga. "Chombo ni kizima. Wewe mbona umesimama kwa mguu mmoja kama korongo?"

Nikasema nimelala vibaya. Akaniambia nipumzike, akaingia ndani. Nilibaki nimesimama pale uani. Nilitegemea kujisikia vibaya baada ya maneno yale. Nilichowaza ni kwamba pikipiki bado ninayo.

Nikarudi barabarani. Goti nilikwenda nalo hivyo hivyo, likivimba jioni na kupungua asubuhi. Mwenyekiti alipoiona pikipiki hakunigombeza. Aliizunguka kama bosi wangu, akasema bibi harusi kapendeza, akaenda kukaa kivulini. Kwa siku kadhaa hakunipa zamu ya abiria mpaka nilipoomba.

Nilipofika hospitali hatimaye, kwa hela yangu mwenyewe, daktari alisema mfupa umekwisha kushika vibaya. Kuunyoosha kungehitaji upasuaji, nami nikae miezi bila kazi. Nilimwuliza kama ninaweza kuendesha. Akasema kuendesha ninaweza.

Mkataba uliisha. Mama aliniletea kadi ya pikipiki, akaniombea dua fupi, akanipa chupa ya mafuta ya alizeti.

Siku hizi kijiweni kwetu mchango haukabidhiwi majeruhi. Mmoja wetu anaondoka naye mpaka hospitali, analipa yeye dirishani, na anamsubiri mpaka picha itoke. Mara nyingi mimi ndiye ninayetumwa. Pikipiki ni yangu. Goti la kushoto halikunji mpaka mwisho.