Chakula cha Ng'ambo ya Korongo

Sisi tuliolelewa kwenye milima ya Kathiani siku zile za taa ya koroboi tulifundishwa kuogopa kabla hatujafundishwa kusoma. Tuliogopa nyoka wa kwenye mikonge, tukaogopa mwalimu wa hesabu, na kuliko vyote tuliogopa chakula cha ng'ambo ya korongo.

Babu yetu alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa, yaani susu yangu, maana nyanya sisi Wakamba tunamwita susu, alijengewa upande huu wa korongo. Mke mdogo alijengewa upande ule. Wana wao walipooa, kila mmoja alijenga karibu na mama yake. Kwa hiyo upande wetu alikuwa Mama, na ng'ambo alikuwa Mama Musyoki, mke wa ndugu yake Baba. Ukisimama jikoni kwetu uliona moshi wake, na jua likielekea kuzama ulimsikia akiita mbuzi. Upepo ukikubali, ulinusa hata muthokoi wake ukiiva, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yamechanganywa na maharagwe na kitunguu cha kukaanga. Lakini kula, hapana.

"Mkikaribishwa ng'ambo, semeni mmeshiba," Mama alikuwa akituambia. "Hata tumbo likilia, semeni mmeshiba."

Hatukuuliza kwa nini. Siku hizo mtoto akiuliza kwa nini, alijibiwa kwa kofi.

Kucheza hatukukatazwa, mradi tucheze ndani ya korongo lenyewe, ambalo halikuwa la mtu. Tulicheza kati, yule wa katikati akikwepa kupigwa na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya mkonge. Tulikalia magome ya migomba tukateleza mteremkoni hadi kaptula za wavulana zikatoboka na mama zao wakashika fimbo. Ijumaa tulibeba kinyesi cha ng'ombe na maji kwenda shuleni, tukapaka sakafu ya darasa kwa mikono yetu, na Jumatatu tukaingia kwa fahari kama wenye nyumba. Wajukuu wangu wanaoishi mjini, Syokimau, wakiona kinyesi cha ng'ombe wanaruka nyuma, kisha wanakipiga picha.

Dada yangu Mumbua ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Alinizidi miaka minne. Alikuwa na miguu mirefu, na akiweka jani midomoni alipiga mluzi uliosikika hadi shuleni. Mvua ikinyesha na maji yakajaa korongoni, alinibeba mgongoni kunivusha, huku akiniambia nisitazame chini. Ng'ambo kulikuwa na mtoto mdogo aliyeitwa Kyalo, mdogo wake Musyoki, ambaye alimfuata Mumbua kila aendako. Mumbua akitafuna muwa, Kyalo alikuwa chini yake amekinga kiganja.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha wakati wa kutoka shule. Mimi sikwenda siku hiyo, nilikuwa na jipu mguuni. Mumbua alichelewa, na alipofika nywele zake zilikuwa zimekauka, na gauni lake la shule lilinuka moshi ambao haukuwa wetu.

"Umekula wapi?" Mama alimuuliza.

"Kwa Mama Musyoki. Maji yalikuwa yamejaa, singeweza kuvuka. Aliniwekea muthokoi."

Mama hakumpiga. Aligeuka akaendelea kuchochea moto.

Siku chache baadaye Mumbua alishikwa na homa. Macho yalikuwa mekundu, kisha vipele vikamtoka usoni na kifuani. Mimi nilipelekwa haraka kwa mjomba wangu kule Masinga, na huko nilikaa nikila samaki na kusahau nyumbani, kama watoto wanavyosahau. Niliporudi, kaburi la Mumbua lilikuwa limeshaota nyasi.

Hakuna mtu mzima aliyetueleza lolote. Lakini mtoto akilala chini ya meza anasikia mengi. Nilisikia shangazi zangu wakisema ule muthokoi ulikuwa na kitu. Na Kyalo naye hakuonekana tena korongoni. Nilipouliza, niliambiwa amepelekwa kwa wajomba zake Kivaa. Nikaamini, kwa maana kwa mtoto wa umri wangu Kivaa ilikuwa mbali kama mbinguni. Shangazi zangu waliona hiyo nayo ni dalili. Mtu asiye na hatia, walisema, hafichi mwanawe.

Kuanzia hapo hata korongoni hatukucheza tena. Nilikua, nikajifunza cherehani, nikashona sare za shule mjini Machakos kwa miaka mingi, nikazaa, nikapata wajukuu. Mama alipoanza kuyumba kwa uzee nilirudi Kathiani kumtunza. Mama Musyoki alikuwa bado yuko ng'ambo, mzee kama Mama. Walipokutana kanisani walisalimiana kwa heshima zote, kisha kila mmoja akaenda kukaa benchi lake.

Ndipo mwaka juzi akaja Mwende.

Mwende ni binti wa Musyoki, kwa hiyo mimi ni shangazi yake. Amesoma Nairobi, nywele amezisuka kwa uzi wa rangi ya machungwa, na suruali yake ilikuwa imechanika magoti yote mawili. Nilitaka kumwambia aivue niitie kiraka. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, nikampa chai, akainywa yote hata kabla haijapoa. Nikajiuliza moyoni, huyu hakufundishwa kwao?

"Anti, mimi ni msanii," alisema.

"Unaimba?"

"Hapana. Natengeneza vitu. Sasa niko na kazi juu ya urithi wa familia, vile vitu vinatoka kwa susu vinafika kwetu. Naomba watu nguo za zamani. Hata leso moja tu ya susu, ama ya mtu yeyote wa hapa."

Niliposikia neno urithi, masikio yalinisimama. Shamba hili mpaka leo liko kwa jina la babu. Halafu nguo. Sisi tuliokulia huku tunajua mtu anayeomba nguo uliyokwisha kuivaa anataka kuipeleka wapi. Na mwombaji mwenyewe ametoka ng'ambo.

"Hapa hatuna nguo za zamani," nikamwambia. "Tulizichoma."

Hakubisha. Alishukuru, akaaga. Lakini nilimfuata kwa macho, nikamwona amesimama kwenye safu ya mikonge akiipiga picha. Ile mikonge ndiyo mpaka wetu. Mtu anayepiga picha mpaka anataka nini? Wiki ile nzima nilikwenda kuikagua kila asubuhi nione kama kuna uliong'olewa. Mama alinitazama nikienda na kurudi.

Miezi ikapita. Siku moja Mwende akanipigia simu kunialika kwenye maonyesho yake katika ukumbi mmoja mjini Machakos. Nilikwenda, lakini si kwa kupenda sanaa. Nilikwenda kujua jina letu limefanywa nini mbele ya watu.

Ukumbi ulikuwa umejaa vijana wasanii, na kila mmoja alikuwa ameleta mzigo wa kwao. Mmoja wa Mavoko alitundika makoti ya kazi ya baba yake na ya babu yake, yamefungwa mikono kama watu wanaosindikizana. Msichana mwingine alifinyanga kwa udongo mikono ya mama yake, ya nyanya yake na yake mwenyewe, akaipanga mezani bila majina, wewe mtazamaji ukisie ipi ni ya nani. Nikawaza, wazazi wao wanajua? Siku hizi siri ya nyumba inatundikwa ukutani na watu wanakunywa soda mbele yake.

Kazi ya Mwende ilikuwa mwisho wa ukumbi, pazia kubwa la nguo zilizoungwa, limening'inia kutoka darini. Mimi ni fundi, nilitazama mshono kwanza. Haukuwa mbaya. Kisha nikatazama nguo zenyewe. Kulikuwa na leso na vitambaa vya kichwa nisivyovijua. Katikati kabisa, kifua cha mtu mzima kinapofikia, palikuwa na gauni dogo la bluu la shule, kola yake imeshonwa kwa uzi mweusi mahali ilipochanika. Mshono ule ulikuwa wa Mama. Na kola niliikumbuka, maana nilikuwepo siku Mumbua alipoichana akiteleza.

Pembeni yake, bega kwa bega, palikuwa na kaptula ndogo ya kaki. Ingemtosha mtoto ambaye hajaanza shule.

"Anti, umekuja," Mwende alisema nyuma yangu.

"Gauni hili ulilitoa wapi?"

"Susu, mama yako, alinipa. Ulikuwa umeenda soko. Alilitoa kwa sanduku lake la bati. Akasema nisikuambie mpaka uone mwenyewe."

"Na hii kaptula?"

Alinionyesha kipaza sauti kidogo kilichokuwa kimefichwa nyuma ya pazia, nikasogeza sikio. Ilikuwa sauti ya Mama Musyoki, akizungumza Kikamba taratibu.

"Kyalo wangu alipenda sana kucheza na wale wa ng'ambo," alisema. "Yule msichana wao mkubwa alimpa kipande cha muwa. Siku chache tu, homa, macho mekundu, vipele. Tulimzika usiku bila kilio, tukasema yuko kwa wajomba, na kesho yake tukasikia vilio upande wa pili. Nikasema, wameona haya, wanalia ili tusiwashuku. Waliobaki niliwaambia, mkikaribishwa ng'ambo, semeni mmeshiba."

Nikatafuta kiti. Mwende akachuchumaa mbele yangu.

"Nyumbani nikitaja upande wenu, watu walikuwa wananyamaza tu," alisema. "Hakuna mtu aliniambia niogope, Anti. Lakini siku ile ulinipa chai, mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na sikujua kwa nini. Nilikunywa haraka ndiyo usione."

Nilirudi Kathiani nikamkuta Mama nje, anaota jua la mwisho na kuchambua maharagwe. Nilikaa karibu yake, nikamwambia nimeliona gauni. Nikamwambia na habari ya Kyalo. Hakuinua macho.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Daktari wa zahanati alituambia. Alisema surua imeingia mlima mzima. Nilimsikia vizuri."

"Sasa kwa nini, Mama? Miaka hii yote?"

Alichambua kidogo, akatupa kijiwe pembeni.

"Surua haina mlango ambao ningeusimamia nikautazama kwa hasira," alisema. "Mama Musyoki alikuwa na mlango."

Nikamuuliza mbona alimpa Mwende gauni ambalo hata mimi sikujua lipo.

"Aliniuliza Mumbua alikuwa mtoto wa aina gani. Nyinyi hamkuwahi kuniuliza. Mlikuwa mkinihurumia."

Nilichukua kiganja cha maharagwe nikamsaidia.

Sitadanganya kwamba mambo yalinyooka siku ile. Mwende bado simwamini sana. Alipokuja tena kupiga picha mikonge nilimsindikiza mti kwa mti, na aliponiambia anatafuta rangi ya jani tu, niliitikia kwa mdomo. Lakini Mama na Mama Musyoki sasa wanakaa benchi moja kanisani. Hawazungumzi sana. Mmoja humshikia mwenzake kitabu cha nyimbo.

Desemba iliyopita wajukuu wangu walikuja kutoka Syokimau. Hao ni watoto wanaoletewa chakula mlangoni na mtu wa pikipiki wasiyemjua hata jina, wakala wakicheka huku wanatazama simu. Sisi tulimjua kila mtu wa ukoo, nani mwana wa nani, nani wa kumsalimia kwa heshima na nani wa kumwogopa. Wao hawaogopi ndugu yao yeyote, kwa sababu hawamjui hata mmoja. Zamani mlima huu ulijaa watu na woga. Sasa woga umepungua, na watu nao.

Mama Musyoki aliwaita, wakashuka korongo mbio bila kuuliza, wakapanda ng'ambo. Nilikaa mlangoni na Mama, tukiutazama moshi wa jiko lake. Hatukuambizana tunangoja nini. Waliporudi, midomo ilikuwa inang'aa mafuta, wakasema wamekula muthokoi sahani mbili mbili na wamealikwa tena kesho. Niliwaita mmoja mmoja, nikajifanya nawapangusa jasho, nikawawekea nyuma ya mkono kwenye paji la uso.

"Wako sawa?" Mama akauliza, akitazama kando.

"Wako sawa," nikamwambia.