Paka Aliyeonja Kwanza

Mwanamke aliyekata mifupa pale buchani hakuwa na umbo kubwa, ndiyo maana wateja wageni walitazama nyuma yake wakimtafuta mkataji. Waliacha kumtafuta walipomwona anainua shoka kwa mikono miwili na paja la ng'ombe linaachana mara moja. Wenzake walimwita Pigo Moja. Alikuwa amesimama mbele ya lile gogo miaka ishirini na miwili, aproni ya plastiki imemfika miguuni, vipande vya mifupa vikimrukia usoni. Shoka lilikuwa lake mwenyewe. Jioni alilifunga kwenye kipande cha gunia akarudi nalo nyumbani, maana aliyeacha shoka buchani alilikuta asubuhi limetumika kuvunjia barafu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na wasiwasi juu ya huyo binti haukumwacha hata siku moja. Alipokuwa mchanga alimwekea kiganja puani usiku kuhakikisha anapumua. Alipoolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mama akaanza kumkagua. Kila walipokutana alimtazama mikono kabla ya uso. Alijua pa kutazama. Marehemu mume wake alikuwa hodari wa kupiga mahali ambapo nguo hufunika. Mara tatu Pigo Moja alikimbilia kwao, na mara tatu mama yake mzazi alimshika mkono akamrudisha. Mara hiyo ya tatu Pigo Moja alikuwa ameacha meno mawili sakafuni kwa mumewe.

"Hapa pamefanya nini?" alimuuliza binti siku moja, amemshika kiwiko.

"Mafuta ya moto, mama."

"Mafuta gani hayo yanazunguka kona?"

Binti akacheka, akauvuta mkono wake.

Asubuhi moja, bucha imejaa watu, binti akaingia amejifunga mtandio mpaka machoni, kikapu mkononi. Alipoushusha mtandio, mzee aliyekuwa mbele ya foleni aligeuka akatazama ukuta. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa. Mdomo umepasuka, na damu imemkaukia shingoni kama uzi. Ndani ya kikapu alilala paka mkubwa wa kijivu, sikio moja limeraruliwa na vita vya zamani. Ndiye Jenerali, aliyewahi kuwapiga paka wote wa mtaa ule. Sasa hata kichwa hakuweza kuinua.

Pigo Moja aliliweka shoka chini polepole, kama kitu kinachoweza kulia. Akampeleka binti nyuma, kando ya chumba cha barafu, akamkalisha juu ya kreti.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya Jenerali."

Akaeleza. Mume wake aliishi na hofu moja, kwamba mwanamke atamtilia kitu chakulani. Baba yake alifia mezani kijiko mkononi, na tangu utotoni aliambiwa kwamba ni kazi ya mke mdogo. Kwa hiyo alimleta Jenerali nyumbani wiki ya kwanza ya ndoa, na akaweka sheria. Kila chakula kikipakuliwa, yeye huchota kwenye sahani yake nyama na mchuzi, akamwekea paka, kisha akaitazama saa ya ukutani. Nusu saa. Paka akiwa bado amesimama, mume anakula. Mke anakula baada yake.

"Miaka minne," binti alisema. "Sijui hata chakula changu mwenyewe kikiwa cha moto kina ladha gani."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeolewa na watu wawili, na mmoja ana mkia?"

Mama hakucheka, ingawa binti alitaka acheke.

Wiki za karibuni Jenerali alianza kuishiwa nguvu. Aliyumba akitembea, na mkojo wake ulitoka mwekundu kama chai kavu. Jana mchana alianguka kando ya bakuli lake, na mume alikuwa ameshaushika mkate. Alisimama, akatoa nondo kwenye mfuko wake wa kazi. "Umeniwekea nini?" Kila pigo lilikuja na swali hilohilo. Alimpiga jikoni, akamburuta kwa nywele hadi ukumbini, akampiga huko, akamkanyaga vidole aliposhika mguu wa meza.

"Mwisho nilikubali," binti alisema, akitazama vidole vyake vilivyovimba. "Nilisema nimeweka. Ili aache."

"Na uliweka?"

"Sikuweka kitu, mama."

"Najua. Nilitaka nikusikie ukilisema."

Lakini sasa mume alikuwa na neno kutoka kinywani mwa mke wake. Alipomwacha pale chini alimwambia kwamba paka akifa, atampeleka kituoni kama muuaji, na majirani wamesikia alivyokiri. Kilichomtisha Pigo Moja zaidi ni kwamba binti alianza kujitilia shaka. "Labda ni ile dawa ya mende," alisema. "Labda sikunawa vizuri."

Walimchukua Jenerali kwa daktari wa mifugo, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alimtazama binti usoni muda mrefu kuliko alivyomtazama paka, akasema, "Mgonjwa ni yupi kati yenu?" kisha akaona aibu, akamfungua paka mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Anakula nini huyu?"

"Anachokula mume wangu. Mchuzi wa nyama, kila siku."

"Mchuzi unaupikaje?"

"Nyanya, mafuta, chumvi. Vitunguu vitatu au vinne, maana anapenda mchuzi mzito. Na kitunguu saumu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi sumu yenyewe ni hiyo. Kitunguu kwa paka huvunja chembe za damu, kibichi au kilichopikwa, na saumu ni mbaya zaidi. Siku moja moja huenda asionyeshe kitu. Kila siku, anaishiwa damu mwilini bila kuwa na jeraha."

Binti alifunika uso kwa mikono. Alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Pigo Moja alichukua karatasi, akamwomba daktari aseme polepole. Aliandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa shule. Paka si mtu mdogo, ni mla nyama. Nyama iive, bila chumvi, bila viungo. Moyo wa kuku ni mzuri sana, una kitu ambacho paka akikikosa, macho na moyo wake mwenyewe huharibika. Ini kidogo, mara moja kwa wiki, likizidi linadhuru mifupa. Samaki si kila siku. Mfupa uliopikwa, kamwe, unapasuka kama kioo. Maziwa aachane nayo, maji yawepo saa zote. Na kwa kuwa nyama peke yake haitoshi, achanganyiwe chakula cha paka cha dukani.

"Nakata nyama miaka yote hii," alimwambia daktari, "na ini nilimpelekea mimi, mfuko kwa mfuko. Nilidhani namlisha vizuri."

"Wengi wanadhani hivyo," daktari alisema, akamchoma paka sindano.

Siku ya tatu mume alikuja nyumbani kwa Pigo Moja, ambako binti na paka walikuwa wamehifadhiwa. Hakubisha hodi, aliupiga mlango kwa nondo mpaka bawaba ya juu ikang'oka. Pigo Moja alimsukuma binti na kikapu chumbani, akafungua.

"Mama, sina ugomvi na wewe. Nipishe."

"Paka anapona, baba. Ni vitunguu. Nenda kamuulize daktari."

"Vitunguu? Mnanifanya mtoto?"

Akamsukuma. Aliposhindwa kupita, nondo ikamshukia mama begani, akapiga goti moja chini. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi, wa kulia ukalipata shoka nyuma ya mlango. Hakumpiga. Alilipiga kwenye nguzo ya mlango, upana wa kidole kimoja kutoka mahali mkwe wake alipokuwa ameshika. Mti ukapasuka kwenda juu. Mwanamume akautazama mkono wake kama anauhesabu vidole.

"Kamuulize daktari," alirudia mama, bado amepiga goti.

Akaenda. Na kweli alimuuliza.

Jenerali alipona mbele ya macho yao. Kila asubuhi kabla ya kazi Pigo Moja alichemsha mioyo ya kuku kwenye kisufuria kilichotengwa, akaikatakata. Kila jioni aliinua mdomo wa paka kwa kidole gumba kuangalia ufizi, kama alivyomkagua bintiye zamani. Ukawa wa waridi hafifu, kisha waridi kweli. Siku ya kumi Jenerali alitoka nje, akarudi na unyoya wa kunguru mdomoni na mkwaruzo mpya puani. Siku hiyo binti alicheka mpaka mdomo ukapasuka tena.

Wiki ya tatu, siku ya mapumziko, mume akaja mchana. Safari hii alibisha hodi. Amevaa shati lililopigwa pasi, mikono mitupu.

"Nimemuuliza daktari, mama. Ni kweli. Nilimwonea mke wangu." Akainama. "Naomba nimrudishe kwangu."

Pigo Moja alimpisha mlangoni. Alikuwa ametafuta ushahidi ili amsafishe binti yake, na ushahidi huohuo sasa ulikuwa unamfungulia njia ya kurudi. Alimwona binti anakunja nguo, anaziweka kwenye begi moja moja. Jina limesafishwa, kosa limeombewa radhi, kwa nini asirudi? Mama alitaka kumshika mkono amzuie. Akakumbuka mkono wa mama yake mwenyewe ulivyomshika, akaona kwamba kumvuta mtu kwa nguvu ni kulekule, hata ukimvuta upande mwingine. Akakaa jikoni juu ya kigoda, bega likimuuma, akasikiliza.

Binti alimpikia mumewe kabla ya kuondoka. Alipika mchuzi mzito, kama anavyoupenda. Aliupakua, mvuke ukapanda, akaketi upande wa pili wa meza na sahani yake. Alikuwa amechukua kijiko.

Mume hakula. Aliangaza macho chini ya meza.

"Jenerali yuko wapi?"

"Wa nini?"

"Nimwonjeshe."

"Una vitunguu."

"Kidogo tu. Siku moja haiui."

"Umesema umemuuliza daktari. Umesema umeelewa."

"Nimeelewa," mume alisema kwa upole kabisa, akichota mchuzi. "Najua sasa kwamba vile vilikuwa vitunguu. Leo sijui."

Jenerali alikuwa amelala kwenye mkeka. Alinusa kibakuli, akageuza kichwa. Mume alimkamata shingo, akamkandamiza uso ndani ya mchuzi. Paka akajikunja, akamchana kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, mistari minne iliyofunguka kama mfuko. Mume akamrusha ukutani. Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kitabu kinachoanguka.

Binti alikuwa ameshasimama. Aliuchukua upawa wa chuma uliokuwa ndani ya sufuria, ungali unachuruzika, akampiga nao mumewe usoni. Akampiga tena. Mume akaipindua meza, sahani zikapasuka, akamkamata koo akambana kwenye ukuta uleule, vidole gumba vimezama. Miguu ya binti ikaacha sakafu.

"Umeweka nini?" alikuwa akiuliza. "Niambie umeweka nini."

Pigo Moja alitoka jikoni. Aligeuza shoka, ubapa mbele na makali nyuma, akachagua mahali kama anavyochagua kila siku kwenye gogo, kati ya kiungo na kiungo. Alipiga mara moja. Alizifahamu sauti zote za mifupa, na hii aliifahamu pia. Mkono wa fundi ulianguka kando ya mwili wake, umeinama mahali ambapo hapana kiungo.

Mwanamume hakupiga kelele mara moja. Alikaa chini katikati ya mchuzi, uso mweupe, akautazama mkono.

"Makali yako upande wa pili," mama mkwe alimwambia. "Ukija tena, sitaligeuza."

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja wao, dereva wa lori, alimsaidia fundi kusimama, akampeleka hospitali. Wengine waliziona alama za vidole kwenye shingo ya binti, tena mpya, na kituoni walisema walichokiona. Fundi alieleza kwamba alitaka tu paka aonje. Askari aliyeandika maelezo alimwomba arudie, akaacha kuandika.

Jenerali alivunjika ubavu mmoja. Daktari wa miwani ya uzi alimfunga, akasema apumzike, na chakula kisibadilike.

Kesho yake asubuhi binti ndiye aliyeamka kwanza. Mama alimsikia jikoni, akanyata kwenda kuchungulia, bega limekaza kama ubao. Kwenye kisufuria kilichotengwa mioyo ya kuku ilikuwa inachemka kwa maji matupu. Kwenye sufuria nyingine kulikuwa na mchuzi wenye vitunguu, na harufu yake ilijaa nyumba nzima. Binti alimtilia paka chake kwanza, akakipoza, akamwekea chini. Kisha akajipakulia wake, akaketi kizingitini. Kwenye ukuta wa jiko lile hapakuwa na saa.

Akatia kijiko kinywani moja kwa moja. Akaunguza ulimi, akapepea mdomo kwa mkono, machozi yakimtoka.

"Subiri kipoe, mwanangu," mama alisema kutoka mlangoni, maana hakuweza kujizuia.

"Sisubiri," binti alisema, akachota tena.