Glisirini ya wifi yangu imenitia kinyaa, na kwa Mama Salha bado wanaipaka

Admin, naomba unisitiri, huku Moshi tunajuana. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili na naishi Rau. Majina nimeyabadilisha. Naandika nikiwa na kichefuchefu cha wiki tatu, na sina mimba.

Natengeneza losheni na mafuta ya midomo nyumbani. Nachanganya mshubiri, maji ya waridi, mafuta ya parachichi na glisirini ya mimea, ile inayotokana na mafuta ya nazi au mawese. Glisirini ndiyo inashika unyevu, ngozi haipauki hata baridi ya mwezi wa saba. Wateja wangu wengi ni akina mama wa Kiislamu wa Majengo. Walinikubali kwa sababu ya Mama Salha, mama mtu mzima niliyepanga kwake kabla sijaolewa. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, humu hamna mafuta ya mnyama?" Nikamwambia hamna, ni mimea mitupu. Basi akaenda kuwaambia wenzake, na mimi nikaandika hivyo hivyo kwenye kila chupa.

Kazi ilipokua nikamwingiza wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeishi Mkuu, Rombo. Aliachwa na mumewe, nikaona tusaidiane. Yeye alikuwa analeta parachichi na kupitia dukani mjini kununua glisirini, mimi nachanganya na kuuza. Nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa mwezi uliopita nimeingia kwenye lile duka kununua chupa tupu. Mzee mwenye duka, Mhindi mmoja mpole sana, akaniuliza, "Mama, siku hizi umeacha kutengeneza? Tangu mwaka jana hamjachukua glisirini." Nikacheka nikidhani amesahau. Akaita kijana wake wa mauzo, naye akasema vilevile. Kicheko kikaniishia.

Nilirudi nyumbani nikafungua dumu alilokuwa ameleta wifi. Zamani nilikuwa naonja tone, maana glisirini nzuri ni nyeupe kama maji na ni tamu. Tangu aanze kuleta yeye nilikuwa namimina tu bila kuonja, na ule umanjano aliniambia ni aina mpya. Siku hiyo nikaonja. Jamani! Chumvi, halafu nyuma yake ladha ya mafuta yaliyochacha, imefunikwa na manukato. Nilisukutua mdomo mpaka fizi zikauma.

Kesho yake nikapanda Mkuu bila kumwambia. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kuni. Kulikuwa na sufuria kubwa jeusi linatokota, na pembeni ndoo mbili za mafuta ya nguruwe, vipande vingine bado vina ngozi na vinyweleo, nzi wametanda. Anayachukua kwenye mabucha ya kitimoto. Anayapika na kostiki soda kutengeneza sabuni, anaitenga sabuni kwa chumvi, na yale maji mazito yanayobaki chini anayachemsha, anayachuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu na kuniletea mimi kwenye dumu. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimetundikwa pale, kinadondosha ute.

Nikamwuliza, "Wifi, hiki ndicho tunachowapaka watu midomoni?"

Hata hakushtuka. "Mae! Si glisirini hiyo? Ikishapikwa siyo nguruwe tena. Halafu wanapaka, hawali."

"Wale ni Waislamu, wifi. Niliwaapia."

"Uliwaapia wewe, siyo mimi. Na wewe ukija Krismasi si unakula kitimoto hapa hapa? Leo unajifanya kuona kinyaa?"

Nilitapika palepale kwenye migomba. Ni kweli nakula, mimi ni Mlutheri. Lakini kinyaa changu hakikuwa cha nyama. Nilikuwa nawaona wale akina mama wakitawadha, wakipaka mafuta yangu, wakienda kuswali.

Nimemwaga kila kitu na kuacha kuuza. Mume wangu nilimweleza, akasema, "Ukisema, umemuua dada yangu. Waambie glisirini imeadimika, yaishe." Mama mkwe naye kapiga simu kusema ya nyumbani hayatolewi nje. Mimi, kwa aibu, nikafuata ushauri wao.

Jumamosi nikaenda Majengo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamwambia Mama Salha glisirini imeadimika, na kama amebakiwa na losheni anirudishie nimbadilishie baadaye. Akasema hapana, imebaki chupa moja na ameitunza, binti yake amejifungua, wanampaka mtoto. Halafu akanishika mkono akasema, "Kuna mama mmoja alikuja hapa kusema losheni yako ina harufu ya mafuta ya nguruwe. Nilimfukuza. Nikamwapia kwa Mwenyezi Mungu kwamba wewe huwezi kunifanyia hivyo. Mpaka leo hatusalimiani."

Nikaaga nikaondoka, na ile chupa nimeiacha mle ndani kwa mtoto mchanga.

Nikisema, navunja nyumba yangu na wifi hatakaa tena Rombo kwa amani. Nikinyamaza, yule mama ataendelea kubeba kiapo cha uongo kwa ajili yangu, bila kujua. Wenzangu, hasa nyinyi Waislamu, msinionee huruma, niambieni ukweli: nikamwambie Mama Salha, na nikimwambia nianzie wapi?