Nilicompile kernel ya baba mkwe akiwa kwenye swala, rumba ikanyamaza

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi. Hiki ni kisa cha kweli, na ningefurahi sana kama kingekuwa uongo.

Nipo Kampala, nimesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Kyambogo, na nina mchumba anaitwa Zamu. Baba yake ni mwanajeshi mstaafu kutoka West Nile, anaishi flats za Bugolobi. Kwao ni Kiswahili cha kambini, swala tano, na rumba kila Jumamosi jioni na wastaafu wenzake.

Rumba inatoka kwenye kompyuta kuukuu yenye Linux. Sound card ya ndani, yaani kadi ya sauti, ilishakufa, wanatumia ile ndogo ya kuchomeka kwenye USB.

Wiki moja kabla ya kupeleka posa, kiherehere kikanipanda. Nikajitolea kucompile kernel mpya, yaani kuiunda upya kutoka kwenye code yake, ili mashine iwe nyepesi. Hakuna aliyeniomba.

Zamu akanikonyeza niache. Nikadhani ananipenda.

Kwa wasiojua, kernel ndiyo kiini cha mfumo, ndiyo inayoongea na vifaa. Kuna amri inaitwa localmodconfig: inaangalia driver zipi, yaani programu za kuendesha vifaa, zinatumika muda huo, inabakiza hizo, nyingine inazitupa.

Sasa nyumba ile ina utaratibu wake. Adhana ikilia, Mzee anachomoa sound card ndipo aende kutawadha, maana siku moja tangazo la dawa ya mende lilimkuta kwenye sijida. Nimemwona akifanya hivyo tangu nianze kwenda pale.

Jumamosi ile alasiri akachomoa kama kawaida. Mimi huyo, nikareboot, nikaendesha localmodconfig, nikacompile. Kernel ya zamani nikaifuta kabisa, eti naokoa nafasi. Elimu hiyo wakuu.

Jioni wastaafu wakajaa sebuleni. Mzee akachomeka kadi yake, akabonyeza video ya rumba.

Kimya. Waimbaji wanafungua midomo tu kama sato waliotolewa majini kule Port Bell.

"Kijana, umefanya nini hii mashine?"

Niliogopa, sifichi. Zamu alikuwa anaangalia sakafu, na mimi nilishaiona posa ikirudi nyumbani kwa miguu yake. Nikamweleza Mzee ukweli: kernel iliangalia nani yupo, sound card haikuwepo, nikaifukuza.

Akanitazama, kisha akasema polepole, "Jeshini, mtu akienda swala, sisi hapana andika yeye ametoroka."

Wenzake walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi hata tabasamu lilikataa.

Nikarudi kwenye menuconfig, ile orodha ya kuchagua driver kwa mkono, upande wa sauti, nikawasha driver ya USB audio, nikacompile tena. Ile mashine haina haraka na mtu. Wazee wakakaa wakisubiri, wakijadili vijana wa siku hizi kana kwamba sipo.

Hatimaye gitaa likalia. Hakuna aliyenipongeza, waliinuka wakacheza.

Wakati naaga, Mzee alinisindikiza mpaka mlangoni. "Wiki kesho leta wazee yako, tuongee maneno ya Zamu. Lakini mashine yangu, hapana gusa tena."

Funzo: kabla ya localmodconfig, chomeka kila kifaa cha nyumba hiyo, na kernel ya zamani usiifute mpaka mpya ikubaliwe na mwenye nyumba.

Mliowahi kuharibu kitu ukweni, semeni hapa chini, nisiwe peke yangu. Mimi nimeoa, ila mpaka leo nikikaa karibu na ile kompyuta, Mzee anahamisha kiti chake kuja katikati.